Simu Ile Ile, Kava Jingine

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijachoka kabisa, maana mimi na mume wangu tuna duka la simu, na mwaka huu alikubali tuwe mawakala wa mfumo mpya wa kuendeshea simu ambao wateja hata jina lake hawajalizoea, akaziondoa simu nyingine zote kabatini na kuzifungia stoo, akisema anayewahi ndiye anayefaidi, nami nikamsaidia kuzibeba ingawa moyo ulisita, kwa sababu mfumo wenyewe ni mwepesi na haugandi, sikatai, lakini una simu za aina mbili tu, kubwa na kubwa zaidi, zote kioo kitupu, hakuna ndogo, hakuna ya vitufe, na mtu akiniuliza, "Nyingine ziko wapi?" natabasamu mpaka mashavu yananiuma.

Kabati likawa kama mdomo wa kibogoyo, na mimi, Mungu anisamehe, ndiye niliyetoa wazo la kupanga simu kumi na mbili za aina hizo hizo mbili, kila moja na kava lake, jekundu, la ngozi, la maua, watu wakadhani wana la kuchagua, wakaanza kuingia. Siku hiyo tulicheka sana.

Sasa yuko mwalimu mmoja mstaafu, alinunua yenye kava jekundu, siku ya nne akarudi akasema vidole vinamtetemeka, simu ikilia anagusa sijui wapi inakatika, na binti yake aliye mbali ana mimba ya kwanza, siku zimekaribia, humpigia kila jioni, basi nimbadilishie. Nyingine kabatini sikuwa nayo, za stoo mume wangu hataki ziguswe, naye alikuwa ananikodolea macho, nikaingia stoo na simu yake, nikaivua kava jekundu nikaivalisha la ngozi, nikamwambia namba zote nimeshamhamishia. Akaipapasa, akasema, "Eh, hii sasa ndiyo simu, mwanangu. Ile ilikuwa na kisirani."

Juzi amepita mbele ya duka, simu ikamlilia mkononi, nikamwona anasugua kioo, anasugua, mpaka ikanyamaza. Akanipungia mkono: "Nitaizoea tu, mwanangu!" Mume wangu anasema nisijitie majonzi, mfumo bado mchanga, kampuni italeta simu nyingine, subira yavuta heri. Lakini mimba haiisubiri kampuni. Nikisema ukweli, tutaitwa matapeli mtaa mzima, nikinyamaza, chakula hakipiti. Nifanyeje?

Muuza simu aliyechoka

*

Dada yangu muuza simu,

Pole. Kusimama kutwa nzima ukisifia kitu usichokiamini kunachosha kuliko kubeba magunia. Na shaka yako ni ya mtu mwenye akili: simu za aina mbili haziwezi kutosha mikono ya watu wote. Ila mfumo usiusingizie. Si mfumo ulioingia stoo kubadilisha kava, ni wewe.

Shemeji yangu naye mwambie subira ni ya anayejua anachokisubiri. Huyo mzee mmemsubirisha bila kumwambia. Unaogopa kuitwa tapeli? Njia ya mwongo ni fupi, mama. Siku yoyote wateja wenu wawili watakaa benchi moja wavue makava, na hapo utatafuta pa kujificha.

Simu za zamani umesema ziko stoo. Toa moja ya vitufe, yenye namba kubwa, ichaji, uipeleke kwake leo kwa miguu yako mwenyewe. Usitume mtu. Mpe shikamoo, kisha sema: "Mwalimu, simu ya pili niliyokupa ni ile ile ya kwanza." Akikukaribisha chai, usiinywe mpaka umemaliza kusema. Akifoka, mwache afoke. Halafu mhamishie namba, safari hii kweli, mpigie mara tatu na umwache apokee mwenyewe. Ukirudi dukani, vua makava yote. Aina mbili zionekane mbili, na za zamani zirudi kabatini. Mumeo akinuna, mwachie kaunta wiki moja atabasamu yeye.

Na usichelewe, dada. Simu ya kwanza ilipomshinda, mzee aliilaumu simu. Hii ya pili amepewa na wewe ambaye anakuamini, kwa hiyo sasa anailaumu mikono yake. Nenda ukamwambie mikono yake haina kosa, kabla binti hajapiga tena.