Bango la Bomba Lililoachwa Wazi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Limehifadhiwa jaladani kwa sababu shauri linamhusu mtoto. Anajulikana mtaani kama Mama Kitana.
Umri: Miaka 46
Kazi: Msusi, mwenye saluni
Makazi: Nyumba za safu, nyuma ya kiwanda cha sabuni
Uhusiano na mtuhumiwa: Dada yake mkubwa, tumbo moja

Nimeonywa niseme ukweli, na nimeonywa pia nisiende mbali na mada. Hilo la pili nitajitahidi.

Mnamo Ijumaa tarehe 14 ya mwezi huu, saa nane mchana, nilifunga saluni nikaenda shule ya msingi anakosoma binti wa mdogo wangu. Ana miaka kumi. Wazazi tulikuwa tumealikwa kwenye maonyesho ya mabango. Mwalimu wao wa sanaa aliwaambia watoto wachore kile kinachomlemea mtu moyoni, na namna mtu huyo anavyoweza kuomba msaada. Mimi nilikwenda kwa niaba ya marehemu mama yake, aliyefariki mwaka jana. Baba yake ni fundi umeme, na alisema angechelewa kidogo kwa sababu alikuwa na kazi ya kumalizia.

Mabango yalikuwa kwenye ukumbi wa shule, kila moja ndani ya fremu ya kioo. Fremu zilikuwa zimefungwa ukutani kwa skrubu. Niliambiwa kwamba mwaka uliopita walitumia gundi na picha zikawaangukia wageni. Mabango yalikuwa mazuri. Mtoto mmoja alichora mtu mwenye kichwa cha birika linalotoa mvuke, akaandika, "Usisubiri nichemke." Mwingine alichora paka mnene chini ya kitanda, akaandika, "Hata mimi naogopa." Hapo nilicheka kwa sauti, na mzazi mmoja akanitazama vibaya. Sikujali.

Mwalimu wa sanaa alitueleza kwamba mabango hayana majina, ili watoto wachore kwa uhuru na siri za nyumbani zisijulikane. Wazo zuri sana. Lakini kila mtoto alikuwa amepangwa asimame kando ya bango lake awaelezee wageni. Nilimuuliza, "Mwalimu, sasa hapo umeficha nini?" Akashika kichwa. Nadhani ndipo alipogundua, na wageni walikuwa wameshajaa.

Binti yetu alikuwa amesimama karibu na mlango. Bango lake ndilo lililowekwa mbele kabisa, kwa sababu lilionekana bora kuliko mengine. Lilionyesha nyumba iliyokatwa katikati, hivi kwamba unaona pande zote mbili za ukuta. Upande mmoja ni bafu. Mwanamume mwenye ovaroli ameketi ukingoni mwa karo, amefunika uso kwa taulo, na bomba liko wazi kando ya ndoo tupu. Upande wa pili kuna msichana ameweka sikio mlangoni. Chini ameandika kwa rangi nyekundu: "Ukisikia maji yanatoka muda mrefu na ndoo haijai, mtu analia. Gonga."

Ndoo ilikuwa ya njano, na mpini wake umeungwa kwa waya wa umeme. Afande, mtaani kwetu hakuna asiyeijua ndoo hiyo ya mdogo wangu. Kila wiki mimi hupita kwa mdogo wangu, namuuliza, "Umekula?" Ananijibu, "Niko poa, dada." Mimi naondoka nikiwa nimeridhika. Sikuwahi kusikia bomba.

Nilimuuliza mtoto kwa sauti ya chini, "Ulishawahi kugonga?" Akasema, "Nagonga, shangazi. Anasema anaoga. Lakini anatoka mkavu."

Saa tisa kasorobo hivi mdogo wangu aliingia akiwa bado na ovaroli ya kazi na bisibisi mfukoni. Mwenye duka la jirani alikuwa mbele ya bango. Alimwona, akatazama picha, akatazama tena ovaroli, akasema mbele za watu, "Kumbe fundi naye hulia? Na sisi bili za maji zinatushangaza!" Watu wawili watatu walicheka. Sidhani walikusudia ubaya, lakini walicheka.

Mdogo wangu alilitazama bango, akatoa bisibisi, akaanza kufungua skrubu za fremu. Nasisitiza hapa kwa sababu nimesikia inadaiwa kwamba alimtishia Mwalimu Mkuu Msaidizi kwa bisibisi. Si kweli. Nilikuwa karibu yake kama ninavyokaribiana na mteja ninayemsuka. Bisibisi ilikuwa kwenye skrubu muda wote. Hata akiwa amevunjika moyo, mdogo wangu haharibu ukuta wa mtu.

Mwalimu Mkuu Msaidizi alikuja akiharakisha, akauliza, "Unafanya nini?" Hakujibiwa. Akauliza tena, "Wewe bwana, nakuuliza, unafanya nini?" Kimya. Mara ya tatu alipaza sauti, na mdogo wangu alimgeukia akamtazama tu, midomo imebana. Mwalimu amesema hapa kituoni kwamba alikuwa kimya kama mtu aliyekusudia shari. Alikuwa kimya kwa sababu alikuwa na skrubu mbili mdomoni. Ndivyo afanyavyo kazini tangu alipokuwa mwanagenzi, skrubu anazozitoa anazibana kwa midomo ili zisipotee. Marehemu mke wake alimgombeza sana kwa tabia hiyo. Alikuwa akimwambia kwamba siku moja atameza moja, na yeye ndiye atakayeulizwa hospitalini.

Mwalimu hakujua. Alishika fremu upande wa chini akavuta. Upande wa juu ulikuwa bado umefungwa. Kioo kilipasuka, kikamkata mwalimu kiganjani. Damu ilitoka, watu wakapiga kelele, mtu mmoja akasema, "Ana silaha!" Baada ya hapo hakuna aliyetaka kuelezwa kitu. Mwalimu wa sanaa alimfunga Mwalimu Mkuu Msaidizi jeraha kwa kitambaa cha kufutia rangi, na mlinzi akapiga simu polisi.

Mdogo wangu alitema skrubu sakafuni. Ndipo akazungumza kwa mara ya kwanza tangu aingie. Alisema, "Mimi silii."

Alisema hivyo kwa watu wote, lakini mtoto alikuwa mbele yake. Mtoto akamuuliza, "Kwa hiyo mimi ni mwongo?" Baba yake hakumjibu, na safari hii mdomo ulikuwa mtupu.

Gari la polisi lilifika baada ya muda mfupi. Mdogo wangu hakukataa kuingia. Mimi na mtoto tulikuja kwa miguu, kwa kuwa kituo si mbali. Tulipofika kwenye kona ya kituo aliniuliza, "Shangazi, ningechora paka, baba angekuwa nyumbani?"

Mimi ni mtu wa maneno. Wateja wanakaa kwenye kiti changu saa nne na sikaukiwi. Hapo nilimshika mkono tu, tukaingia.

Kuanzia hapo mtoto amekaa kwenye benchi pale nje na hazungumzi. Amepewa maji, hakunywa. Askari wa kike amemuuliza jina lake, hakusema. Mwalimu wa sanaa amemfuata akamwambia bango lake ni zuri, akageuza uso ukutani.

Ningependa afande aandike na hili, hata kama si mada. Kioo kitalipwa na kiganja kitapona. Mwalimu Mkuu Msaidizi simlaumu, aliona bisibisi na mtu asiyejibu, hata mimi ningeogopa. Ninachoogopa sasa ni kingine. Mtoto huyu alifundishwa darasani kwamba ukilemewa, au ukiona mwenzako amelemewa, useme. Akasema, kwa rangi, mbele ya wote. Jibu alilopata ni baba yake kumkana, kisha baba huyo kuchukuliwa na gari la polisi. Mkimfungulia baba yake mashtaka ya kutishia kwa silaha, kitu ambacho hakukifanya, mtoto huyu hatagonga tena mlango wa mtu yeyote maishani mwake. Na mdogo wangu atarudi kwenye bafu lile akiwa peke yake kweli. Nina hofu kubwa, afande. Nimeshazika mtu mmoja wa nyumba ile.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu. Nimesomewa, nimeyakubali, sikulazimishwa na mtu. Kama kuna neno limezidi, ni la kwangu.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

MAELEZO YA AFISA ALIYEANDIKA

Maelezo haya nimeyaandika mwenyewe na kumsomea shahidi. Skrubu mbili zimepatikana kwenye sakafu ya ukumbi, chini ya mahali bango lilipokuwa. Mlalamikaji ameonyeshwa skrubu hizo, na amesema hataki kuendelea na dai la kutishiwa.

Mtuhumiwa aliachiwa kutoka mahabusu saa kumi na mbili kasorobo jioni, nikamsomea maelezo haya pale nje kwenye benchi, binti yake akiwepo. Nilimuuliza kama kuna sehemu anayoipinga. Alisema hapingi. Aliomba niongeze kwamba mtoto alichora ukweli, na kwamba yeye amechoka na hajui aanzie wapi, anaomba aelekezwe kwa mtu wa kuzungumza naye.

Nilikuwa bado natafuta namba ya ofisi inayohusika. Mtoto alishuka kwenye benchi, akasema anamfahamu mama mmoja wa kazi hiyo, aliwahi kuja darasani kwao, na kwamba atampeleka baba yake Jumatatu kabla ya kengele.