Nitaingia Majini

Ijumaa, 3 Oktoba

Tumefika. Kiuno kimekufa ganzi kwa safari, lakini tumefika.

Chumba kina vitanda viwili, feni inayolia kama cherehani isiyotiwa mafuta, na dirisha linalotazama bahari. Sikujua kama kuna pwani nyeusi! Zamani mlima ulioko nyuma yetu ulitapika moto, moto ukateremka mpaka baharini, ukagandia hapo hapo. Ndivyo alivyoeleza dada wa mapokezi. Mawe yamejikunja kama kitambaa kilichoungua kwa pasi. Naijua sana rangi hiyo — mwanafunzi wangu wa kwanza wa ushonaji aliniunguzia sketi ya mteja.

Binti yangu anasema safari hii ni zawadi. Tangu kiharusi kinipige sijatoka mtaani kwetu. Yeye ni muuguzi, wagonjwa wake humwita Sista, na siku akinichosha na mimi humwita hivyo hivyo. Leo nimemwita Sista tangu tupande basi. Mama kunywa maji. Mama usikunje mguu. Mama lete huo mkono nikuvalishe.

Mkono wenyewe, wa kushoto, nimeupa jina: Bibi Harusi. Unakaa tu umepambwa, unangoja kuhudumiwa. Mguu wa upande huo unafanya kazi, ila kwa kulazimishwa, kama mtu aliyekatiwa likizo.

Kesho kuna boti. Wageni wanapelekwa kando ya majabali, wanavaa miwani ya majini na mrija wa kupumulia, wanatazama samaki. Sista ameshanipangia: "Wewe utakaa ndani, Mama. Boti ina kioo chini, utaona kila kitu bila kulowa."

Kwani mimi chumvi, nitayeyuka?

Nimemwomba dada wa mapokezi miwani na mrija. Sista alipoingia kuoga, nikajaza beseni, nikazamisha uso. Nikanywa maji. Nikakohoa. Nikazamisha tena. Mara ya mwisho nimepumua vizuri kabisa, sauti kama ng'ombe anayelala.

Daktari alisema mazoezi ya maji ni mazuri kwangu. Alisema mbele ya Sista. Nitaingia.


Jumamosi, 4 Oktoba

Nani alisema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge? Mimi nimeyavulia nguo, nikakatazwa kuyaoga!

Mwongozaji wetu ni kijana mrefu, wote wanamwita Pweza. Nimeelewa kwa nini. Mkono mmoja anamfungia mtu jaketi la kuelea, mwingine anamshika mwingine asiteleze, na bado anapata wa kuonyesha mwamba. Nahodha ni mama wa makamo, kofia imefungwa kwa kamba kidevuni, haongei kama hana la kusema.

Tulipita chini kabisa ya majabali. Mengine yamesimama wima kama penseli zilizofungwa pamoja. Mengine yana matundu, wimbi likiingia yanakohoa. Pweza akatuonyesha mahali ambapo moto uliingia baharini na maji yakachemka. Hata leo kuna sehemu chini inatoa mapovu ya moto, akasema. Mlima umelala, haujafa.

Nikajisemea: kama mimi.

Boti ikasimama. Watu wakaanza kuvaa. Nami nikashika jaketi. Pweza akaja kunisaidia, lakini kabla hajanigusa Sista akasema, "Mama anakaa." Basi. Pweza akaniangalia, akamwangalia yeye, akachukua lile jaketi akalirudisha kwenye msumari.

Hakuniuliza. Hiyo ndiyo imeniuma. Kama mzigo: huu unashuka, huu unabaki.

Na kile kioo! Kimechubuka chote. Nimeona ukungu wa kijani na nyayo za watu wengine.

Nimerudi nimekauka kama nilivyokwenda.


Jumapili, 5 Oktoba

Asubuhi nimemfuata Pweza gatini alikokuwa anasuuza mirija kwenye ndoo. Nikamwambia: "Mwanangu, jana abiria alikuwa nani?"

Akacheka kwa aibu. "Wewe, Mama."

"Basi siku nyingine uniulize mimi."

Hakubisha. Alisema ana masharti, na masharti ni ya kila mtu: mtu aweze kuelea, aweze kujigeuza kutoka kifudifudi hadi chali bila kusaidiwa, na asimame akiambiwa simama. Akanipeleka kwenye dimbwi lililoko katikati ya mawe, maji ya kifuani, hakuna wimbi. Sista alikuwa amelala. Nikavaa jaketi, na miguuni mapezi ya mpira ya kuogelea.

Kwanza nikawa nazunguka. Mguu wa kulia unapiga, wa kushoto unatazama, nami naenda duara kama sahani ya santuri! Pweza alicheka mpaka akakaa chini. Mimi pia nilicheka, nikanywa chumvi. Halafu akafikiri, akanivua pezi la mguu wa kulia akaniachia la kushoto tu. Mguu mvivu ukapewa jembe kubwa. Nikanyooka! Kidogo kwa kushoto, kidogo kwa kulia, lakini mbele.

Kujigeuza kulinishinda sana. Bibi Harusi anabaki nyuma, anataka kubebwa. Mwisho nikajua: naanza kwa bega, mkono unafuata wenyewe. Nikageuka. Nikageuka tena. Pweza akasema kesho nina nafasi.

Nilirudi nikiwa na njaa ya furaha. Napanda ngazi polepole, nasikia Sista yuko juu anaongea na simu, na mumewe. Anamwambia kwamba mwenye nyumba wangu ameshaarifiwa. Mwisho wa mwezi chumba changu, ninapolala na kushonea, kiwe wazi, nihamie kwao. Cherehani yangu apewe wifi yake. Mama bado hajui, nitamwambia tukirudi, akiwa amechangamka.

Nilisimama pale nimeshika ukuta.

Kumbe likizo ni sindano ya ganzi. Jino litang'olewa tukirudi.

Chakula nimekula chote.


Jumatatu, 6 Oktoba

Leo nitaandika yote.

Asubuhi nikamwambia Sista: naingia majini leo, Pweza amenipima. Akabadilika rangi. Akamgeukia Pweza, akamwambia unajua huyu mama ameugua nini? Pweza akasema anajua, ameniuliza, na atakuwa karibu nami muda wote. Nahodha akatia neno lake la siku: "Bahari leo imetulia."

Sista akaitazama bahari, akachukua jaketi. Halafu: "Basi na mimi naingia."

Ambaye hajaogelea hata kwenye mto! Lakini ana kiburi, amekirithi, najua kwa nani. Pweza akampima naye hapo hapo kandokando ya boti. Kwa jaketi alielea vizuri. Akageuka. Akasimama alipoambiwa simama. Amepita.

Nikateremka kwa ngazi, kinyumenyume. Maji baridi yakanipanda tumboni nikaguna kama mzee wa baraza. Halafu nikazamisha uso.

Sijui niandikeje.

Kwanza kimya. Pumzi yangu tu, inakwenda na kurudi. Chini yangu yale mawe meusi hayaishi pale yanapoishia macho ya watu wa juu; yanateremka, yanateremka, yana vyumba na milango. Na katika kila ufa kitu kimeota, zambarau, manjano, kama vipande vya vitambaa vinavyobaki chini ya meza yangu. Samaki wadogo wa bluu, wengi, wote wanageuka pamoja kama mtu aliyekung'uta shuka. Mmoja mkubwa mwenye mistari alikuja kunitazama usoni. Tukatazamana. Yeye ndiye aliyeondoka kwanza.

Na Bibi Harusi! Ndani ya maji hana uzito. Aliinuka mwenyewe, akafunguka vidole, akaelea mbele ya macho yangu kama mkono wa mtu mzima. Nililia ndani ya miwani. Nawashauri msilie, miwani inajaa ukungu. Nawashauri akina nani? Hakuna anayesoma hapa!

Tukafika penye mapovu. Kamba nyembamba za mapovu zinapanda kutoka kwenye mwamba, maji yanakuwa vuguvugu ghafla, kama mtu amefungua bomba. Pweza alikuwa ananionyesha. Akamgeukia mwingine mara moja tu — bwana mmoja ambaye pezi lake lilichomoka. Hapo ndipo nikashikwa shingoni.

Sista. Maji yameingia kwenye miwani yake, ameng'oa mrija, anatapatapa. Macho yametoka. Ananipanda! Binti yangu ananipanda kama ngazi. Nikaenda chini, jaketi likanirudisha juu, akanisukuma tena. Nimekunywa bahari.

Sikuogopa. Naandika hili kwa sababu ni kweli na mimi mwenyewe nashangaa. Nilikasirika. Nikaanza kwa bega, nikageuka chali, mkono wake ukatoka shingoni mwangu. Nikamshika mkanda wa jaketi kwa mkono wa kulia, nikamwita jina lake la utotoni, ambalo sijaliita miaka. Nikamwambia: lala. Lala chali. Tazama juu. Pumua. Nimekushika.

Akalala.

Nikapiga mguu. Tukaanza kuzunguka, maana mwendo wangu ni huo nikishika kitu. Mama na mwana, duara, polepole, juu ya mapovu ya mlima. Pweza alitufikia kwa haraka, pengine hata haukuwa muda mrefu. Kwangu ulikuwa mrefu.

Kwenye boti nahodha alimfunika taulo. Pweza naye amekuja kuniomba radhi kwa kugeuza mgongo. Nimemwambia ameokoa wawili, aende akale.


Jumanne, 7 Oktoba

Upepo. Boti haikutoka.

Sista ameshinda kitandani ametazama ukuta. Mimi nimeshinda na simu. Nilimpigia mwenye nyumba. Akasema: "Mama, mbona mnanichanganya? Nimsikilize nani, wewe au binti yako?"

Nikamuuliza mpangaji wake ni nani, mimi au yeye.

Akakohoa. Anasema kuna mtu ameshakuja kukitazama chumba na amekipenda. Atafikiri, kesho atanipigia. Nikamwambia akifikiri aikumbuke ile suti ya harusi ya mwanawe, aliyeikata ni nani.

Nilipogeuka, Sista amekaa, ananitazama.

"Umejua lini?"

"Jumapili. Ngazi za hapa zina masikio."

Nilitegemea apige kelele. Hakupiga. Alisema taratibu: "Mama, siku ile ulipoanguka, nani alikukuta? Mteja. Alikuja kuchukua gauni. Je, asingekuja? Mimi niko wodini nafunga vidonda vya watu, wewe uko sakafuni. Kila simu ikilia kazini moyo wangu unasimama."

Ni kweli, na nililala pale sakafuni muda mrefu nikiitazama miguu ya cherehani. Sijawahi kumwambia hivyo. Leo nimemwambia.

Halafu nikasema: "Wangu nao utasimama kwako, mwanangu. Ila taratibu tu, mbele ya televisheni."

Akalia. Nikamwachia nafasi kitandani kwangu akaja, mtu mzima na vyeti vyake. Nikamwambia aweke sharti lolote. Mtu wa kunichungulia asubuhi, funguo kwa jirani, simu shingoni kama kengele ya mbuzi, nitakubali. Chumba sitoi. Kuvunjika koleo si mwisho wa uhunzi, na koleo langu halijavunjika, limepinda.

Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Alisema: "Kesho tunaondoka na basi la asubuhi."

Nikasema kesho Pweza anakwenda kwenye tao la mawe. Unaogelea chini yake, unatokea upande wa pili.

Akazima taa ya upande wake.


Jumatano, 8 Oktoba

Naandika nikiwa kwenye boti. Daftari nimelitia kwenye mfuko wa nailoni, peni inateleza. Nahodha anahangaika na injini, kwa hiyo nina dakika zangu.

Nimetoka chumbani peke yangu. Nimejivalisha peke yangu. Kifungo kimoja kimeingia tundu la jirani yake, na kibaki huko huko.

Basi halijaondoka. Naliona kule juu barabarani, watu wanapakia mizigo. Mifuko yetu miwili iko gatini, na Sista amesimama katikati yake. Simu yangu iko kwenye mkoba wake, maana mimi naingia majini. Hajaniaga. Hajaniita. Amevaa vile viatu vyake vya safari, vya kufunga kamba.

Pweza ameniuliza: "Mama, tayari?" Mimi. Kaniuliza mimi. Nikasema tayari.

Pezi langu la kushoto nimeshalivaa.

Injini imewaka. Kelele tupu!

Sista ametia mkono mkobani. Ametoa simu. Yangu, naijua kwa kifuniko. Anatazama ni nani anayepiga, halafu ananitazama mimi. Kwa mtazamo huo nimejua ni mwenye nyumba.

Nimempigia kelele apokee. Injini imenimeza sauti. Nimemfanyia ishara kwa mkono wa kulia, sikioni.

Amepokea.

Anaongea. Sisikii. Midomo tu. Kamba ya boti bado imefungwa, nahodha ameinama juu yake. Kule juu basi linapiga honi. Sista hageuki. Ameinama, simu kashikilia kwa bega, anafungua kamba za kiatu. Kimoja kimetoka. Amesimama mguu mmoja peku juu ya mawe meusi, ameinua mkono wake wote huku kwetu, na nimesikia neno moja tu:

"Subiri!"

Sijui anamwambia nahodha, au anamwambia mwenye nyumba.