Mwenye Gauni Yuko Wapi

Mkolani, Jumanne, 1995

Afadhali nisingepita mjini leo. Kwenye ukumbi wa sinema, palipoonyeshwa filamu yangu ya kwanza, sasa panauzwa mitumba.

Pale lilipokuwa pazia yananing'inia magauni ya harusi. Na filamu ile ilikuwa na gauni jeupe, linatembea lenyewe mpaka linaingia ziwani. Magazeti ya nje yalinisifu kwa ndoto zangu. Mama, siku ya kwanza, aliuliza kwa sauti, "Sasa mwenye gauni yuko wapi?" Ukumbi mzima ukacheka. Nilimnunia wiki nzima.

Leo nimemuuliza muuzaji swali lilelile.

"Alishakufa huko Ulaya, mzee. Unachukua?"

Nikageuka nyuma, pale alipoketi mama siku ile, kumtazama kama amesikia. Hata viti walishang'oa.