Anakaribishwa Mara Ngapi

Jumatatu, 5 Mei

Nimefagia uani, nimechambua dagaa, nimechemsha chai. Ndipo Rehema akatoka chumbani na salamu zake. Shikamoo mama. Umeamkaje mama? Umelalaje? Mgongo je, umepoa? Na goti? Na ule upepo wa usiku haukukusumbua?

Marahaba. Basi. Mgongo wangu unamhusu nini?

Wiki ya tatu hii tangu mwanangu Magesa amlete mkewe huyu kutoka Tanga. Akamwacha hapa kwangu Mirongo, mjini kando ya ziwa, mwenyewe akapanda lori lake akaenda zake Kigoma kikazi. Harusi ilifanyika kwao msichana. Nilienda. Walinikumbatia watu nisiowajua, kila mmoja ananiita mama yangu kipenzi. Tangu siku ile sina amani. Mtu asiyekujua anakupendaje?

Jumatano, 7 Mei

Rehema hali chakula changu. Nimehakikisha.

Mchana nimeweka ugali wa sembe na dagaa wa nyanya. Nikamwambia, kula. "Ahsante mama, nimeshiba, usijisumbue." Nikaondoa sahani. Jioni vilevile: nimetosheka mama, Mungu akubariki. Nikaondoa. Anashiba nini, hewa?

Kwetu Majita chakula kikiwekwa, mtu anakula. Hutaki, unasema hutaki, na hakuna anayenuna. Nimefundisha darasa la nne mpaka nikastaafu. Mtoto akisema ameshiba, uji wake nilimpa mwenzake. Hatubembelezani.

Au anaogopa nimemwekea kitu? Loo! Mimi!

Unga wa muhogo nimeusukuma nyuma ya ndoo. Watu wa pwani wamezoea wali wa nazi. Sitaki anicheke moyoni huku mdomo unasema ahsante.

Ijumaa, 9 Mei

Mama Sele amekuja kuazima kinu. Jirani yangu wa ukuta mmoja, mzaliwa wa hapahapa Mirongo, anajua mambo ya kila nyumba. Rehema akamsalimia mpaka babu zake. Msichana alipoingia ndani, Mama Sele akanong'ona, "Mwalimu, mwanao umeshampoteza. Mwanamume akioa Tanga analowea hukohuko."

Alicheka. Mimi sikucheka. Magesa ni mmoja tu. Baba yake nimemzika. Nyumba hii nimeijenga chumba kwa chumba ili yeye na watoto wake wakae humu. Akilowea Tanga nitabaki naongea na kuku.

Jioni nikamsikia Rehema kwenye simu, nyuma ya kamba ya nguo. Alikuwa anaongea na dada yake. "Hapa siwezi kusema. Ngoja kwanza Magesa aje." Akaniona. Uso ukabadilika, sauti ikawa asali. Mama, nikusaidie kuanua?

Kuanua nguo! Ananizuga huyu.

Jumapili, 11 Mei

Kila mchana anatoka. Anaaga vizuri, haachi: naomba ruhusa mama, nakwenda kunyoosha miguu kidogo. Nani ananyoosha miguu kwenye jua la saa saba?

Leo amerudi midomo inang'aa mafuta. Sato. Harufu ya samaki huyo naijua hata nikiwa usingizini. Nani anamlisha sato mke wa mwanangu?

Nikamuuliza, ulikuwa wapi. "Natembea tu mama. Ziwa lenu zuri mno." Ziwa lenu zuri mno. Nimeuliza ulikuwa wapi, mtu ananisifia ziwa.

Ibadani sikusikia mahubiri hata neno.

Jumatatu, 12 Mei

Nimempigia Magesa. Nikamwambia yote bila kupamba: njoo umchukue mkeo, hali chakula changu, ana siri na dada yake, na mchana haonekani. Akasema, sawa mama, Jumamosi nakuja, nitampeleka kwao.

Nilichokitaka nimekipata. Chai imepoa kikombeni, sijainywa.

Nitampeleka kwao, alisema. Hakusema kama yeye atarudi.

Jumatano, 14 Mei

Niandike taratibu.

Nimemfuata. Mwalimu mstaafu mzima, na goti langu bovu, najibanza nyuma ya mkokoteni wa matikiti. Akashuka, akashuka, mpaka kwenye gati la kivuko cha Kamanga. Moyo paa! Anavuka. Huko ng'ambo ana nani? Magari yanapakiwa, watu wanasukumana na mizigo yao. Yeye akawapita, akainama, akaingia kwenye banda la mama lishe.

Nikaingia nyuma yake.

Peke yake. Hakuna mwanamume wala kivuli cha mwanamume. Mbele yake sato mzima na bonge la ugali wa muhogo, ule mweusimweusi, wa unga kama ule nilioficha nyuma ya ndoo. Anakula kichwa chini, anamega haraka haraka, kama mtoto aliyetoka shule bila uji.

Mama lishe ni mama wa Kisukuma, mnene, mchangamfu. Hakunijua. "Karibu mama, kaa hapa na huyu dada. Mjamzito huyu. Kila siku namchagulia samaki mkubwa. Nadhani maskini hana mtu hapa mjini."

Mjamzito. Hana mtu.

Nikasema, "Mtu wake ni mimi."

Rehema akainua uso, tonge mkononi. Nikamuuliza palepale, mbele za wateja, maana sijui kuuliza kwa kuzunguka: chakula changu kina nini?

Machozi yakamtoka. "Hakina kitu, mama. Hukunikaribisha tena."

Tena! Eti kwao mkwe akikaribishwa mara ya kwanza anakataa, ndiyo adabu. Ya pili anakataa kidogo. Ya tatu ndipo anasogea. Ukikubali ya kwanza wewe mlafi, mama yako hakukulea. Na mimi nilisema kula mara moja, nikabeba sahani yangu nikaenda. Kila siku. Akajua simtaki. Na hilo la mimba aliona haya kuniambia, akamngoja Magesa aje aseme na mama yake.

Nimemkaribisha. Mara moja, kwa moyo wangu wote. Mtu mwenye njaa anakaribishwa mara ngapi?

Nilikaa kwenye benchi. Mjukuu wangu nimemlaza njaa ndani ya nyumba niliyomjengea. Hasira zilinishika, sijui dhidi ya nani. Dhidi yake, kwa kutokusema. Dhidi yangu zaidi. Mama lishe akauliza aniletee nini. Nikaagiza ugali wa muhogo, nikala karibu na Rehema, tukanawa pamoja.

Alhamisi, 15 Mei

Asubuhi, chai na viazi vitamu. Kula. Nimeshiba mama. Kula. Kidogo tu mama. Kula wewe! Akala. Viazi vinne. Ulimi wangu ulichoka kuliko wakati nafundisha jedwali la saba.

Magesa hapatikani kwenye simu. Yuko njiani, huko hakuna mtandao. Rehema anakunja nguo zake kwenye begi, mumewe alishamwambia ajiandae. Nikamwambia, si lazima uende. "Ni sawa mama. Nikajifungulie kwetu, nisikusumbue."

Hiyo ni hapana, au ni adabu? Nimezunguka uani na swali hilo kutwa nzima. Mtu akikataa kwa upole na kukubali kwa upole, utamjuaje? Labda kweli anataka kwao. Labda hataki hata kuniona, baada ya nilivyomfanyia. Ningekuwa mimi nisingetaka.

Jumamosi, 17 Mei

Magesa amefika asubuhi, amekondeana, vumbi mpaka kwenye kope. Nikamweleza yote. Akashika kichwa. Lakini tiketi za basi la jioni alikuwa ameshakata.

Mchana nikamwambia Rehema, baki. "Ahsante mama, tusikusumbue."

Nikaenda jikoni. Nikasimama mbele ya jiko lisilo na moto. Ile ni ya kwanza, nikajisemea. Nikarudi. Baki, nyumba hii ni yenu. "Mama, umeshatufanyia mengi." Magesa akasikia, akabeba begi, akatoka nalo, Rehema nyuma yake. Mtoto wangu huyo, damu ya Majita: ameambiwa hapana, amesikia hapana.

Nikabaki katikati ya sebule. Kama hapana yake ni ya kweli, nitajidhalilisha mbele ya mtaa. Kama si ya kweli na mimi nimenyamaza, basi limeondoka nao wote watatu. Nikatoka na goti langu mpaka kizingitini. Nikapiga kelele mpaka Mama Sele akatoka mbio na upawa mkononi, akidhani tunapigana.

"Rehema! Baki! Nakuomba!"

Kuomba. Mimi. Mbele ya Mama Sele.

Rehema akakaa juu ya begi palepale mlangoni akalia, akasema, "Ndiyo mama." Magesa akasimama na begi la pili begani. "Kwani tunaenda au hatuendi?"

Hamwendi, nikamwambia. Na wewe jifunze kusikiliza.

Jumapili, 18 Mei

Sikwenda ibadani. Goti. Mama Sele ameshawaambia watu wa kisimani hadi sokoni. Na waambiane.

Magesa anaondoka tena kesho. Atarudi hapa. Amesema hapa.

Jumatano, 21 Mei

Mawingu tangu alfajiri, mvua haijanyesha. Nimefagia uani. Rehema ameniuliza mgongo. Bado sipendi anavyouliza, nashuku anahesabu siku zangu. Lakini nimemjibu, nikamweleza unapoanzia na unapoishia, akaleta mafuta akaukanda. Ana mikono mizuri, hilo nakubali.

Mchana nimeweka dagaa. Nikamwambia kula, mara moja tu, kwa makusudi, nikasimama nione.

Akaitazama sahani. Akanitazama. "Dagaa sitaki, mama. Wananitapisha."

Nikaondoa sahani. Hakuna aliyenuna. Nikautoa unga wa muhogo nyuma ya ndoo, nikabandika maji. Kwao ugali huu wanauita bada, ameniambia, mama yake huusonga kila Ijumaa. Nilipouweka mezani sikupata hata nafasi ya kusema karibu. Alikuwa ameshanawa.