Shangazi, Waambie Kuhusu Mguu Wako

S.L.P. 43,
Vudee, Same.
16 Januari 1995.

Mpendwa Shangazi Raheli,

Shikamoo. Mnaendeleaje huko Mbeya? Baba Tumainieli kifua chake kimepona? Sisi tunapumua. Mvua za vuli zilikatika mapema, mahindi yamekauka yakiwa magotini. Nilimaliza kidato cha nne Novemba, nasubiri matokeo.

Nyumbani hakuna amani. Mdogo wangu Asheri, wa miezi saba, amevunjika mfupa wa paja. Kabla yake ulikuwa mkono.

Bibi anawaambia watu kwamba mama anampiga. Mama! Asheri alivunjika Bibi alipokuwa akimkanda baada ya kumwogesha, akimvuta miguu kumnyoosha kama alivyowanyoosha ninyi nyote. Nilikuwepo, nimeshika taulo. Niliusikia mfupa. Sikusema kitu. Unanijua nilivyo.

Hospitalini siku hizi ni kulipia, mama akauza vitenge vyake. Daktari alitazama picha, akatazama macho ya mtoto. "Mama, hujampiga," alisema. "Huyu hata akigeuzwa vibaya anavunjika." Tatizo ni jeni, zile tulizosoma kwenye baiolojia. Jeni hiyo huuelekeza mwili kutengeneza kolajeni, nyuzi zinazoushikilia mfupa kama kamba zinavyoshikilia fito za ukuta. Ya Asheri ina kasoro, na kasoro hiyo hurithiwa. Wenye nayo, weupe wa macho yao huwa na bluu. Akauliza nani kwetu ana macho hayo. Nikakukumbuka wewe. Na Baba, kidogo.

Mama alieleza hayo kwenye kikao cha ukoo. Baba mkubwa Eliamini akamkatiza: "Kila kitu ruksa siku hizi, hadi mifupa kujivunja yenyewe!" Watu wakacheka. Bibi akasema, "Ukoo huu hauna mfupa mbovu." Baba akawa anaangalia kofia yake.

Hauna? Ulinisimulia mwenyewe tukichuma kahawa: ulivunjika mguu mara tatu kabla ya kipaimara, wakaficha ili uolewe. Mama alipokuandikia Desemba, ulijibu kwamba ulianguka mtini, ukatuma salamu.

Tarehe 5 Februari wanakaa tena. Wanataka mama arudi kwao Gonja, Asheri abaki, anyweshwe maziwa ya ng'ombe na kulelewa na Bibi. Bibi ameshanunua mafuta ya kumkandia.

Mwandikie Babu, maana ndiye anayekata neno kikaoni, kabla ya siku hiyo. Najua Baba Tumainieli hajui, na mnaishi vizuri. Lakini siri yako anaibeba mama yangu. Mimi nitasimama niseme nilichosikia. Ila neno la msichana watalicheka. Lako hawawezi, maana Bibi anajua ni kweli.

Mama anamsalimu Tumainieli na mdogo wake Doris. Anauliza, weupe wa macho ya Doris ukoje?

Mungu akupe kinywa, Shangazi.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye hata sasa,
Wema