Ligi Tulishinda Sisi, Tiketi Mkachukua Nyinyi

Mpendwa pacha wangu Doto,

Ningeweza kukupigia simu, lakini tunajua wote simu zetu zinavyokwenda. Naanza sentensi, unaimalizia unavyotaka wewe, unacheka, kisha mwanao Neema anadai kuongea na mama mkubwa, na mimi nabaki na maneno yangu mdomoni. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Na nimeamua kuiandika barua hii iwe ya wazi mbele ya watu, kwa sababu jambo lenyewe ni lile tunalobishania tangu tuko vyuoni, na safari hii nataka mashahidi.

Jumamosi iliyopita nilikaa kwenye kikao cha makocha wa mpira wa kikapu wa vyuo vya kanda yetu. Ajenda ilikuwa moja: je, mtoano wa mwisho wa msimu unaifanya ligi nzima kuwa kazi bure? Nilipoisoma nilicheka peke yangu hadi katibu akaniuliza kama niko salama. Nitakueleza tulichoamua, na nataka ukisikie kutoka kwangu kabla hujakisikia kwa mtu mwingine. Ila kwanza niache nikumbuke kidogo.

Tulianzia Ibadakuli, nyuma ya nyumba. Baba alikuwa mchimbaji mdogo wa almasi kule Maganzo, anachekecha kokoto wiki nzima na kurudi nyumbani Jumamosi. Tulimwomba mpira wa kikapu, akarudi na ringi ya baiskeli isiyo na spoku, akaipigilia juu ya nguzo. "Mpira utafuata," akasema. Ulifuata, lakini baada ya muda mrefu sana, na muda wote huo tulitupia furushi la matambara lililofungwa kwa kamba. Furushi halidundi. Ndiyo maana hadi leo hupendi kudunda mpira: ulijifunza kutupia kwanza, kutoka mbali, na ukaona inatosha. Mimi ndiye niliyengoja mpira wa kweli ili nijue kukimbia nao. Ndege ikija kutua uwanja wa ndege pale jirani, ulisimama kuitazama mpaka ishuke yote, nami nikautumia muda huo kufunga. Ulilalamika kwa Mama. Mama akasema ndege haijamwambia mtu aache kucheza.

Halafu vyuo vikatutenganisha. Mimi ualimu, hapa hapa Shinyanga mjini. Wewe uuguzi, Geita. Wote tukaingia kwenye timu, na kwa mara ya kwanza maishani tukavaa jezi za rangi tofauti.

Mwaka ule timu yetu ilikuwa nzuri, Doto, huwezi kukataa. Kocha wetu alituamsha alfajiri kukimbia barabara ya vumbi, na tulishinda kila mechi ya ligi, nyumbani na ugenini. Nyinyi mlikuwa wa sita kati ya timu nane. Mlikuja kwenye mechi mkiwa mmelala ndani ya basi, mnashuka mkijinyoosha, nusu yenu hamjui jezi ziko kwenye begi gani. Lakini kanuni ilisema timu zote nane zinaingia kwenye mtoano, na atakayeshinda mtoano ndiye anayekwenda Dodoma kwenye mashindano ya taifa. Ligi ilipanga tu nani aanze na nani. Nilipokulaumu kwa uvivu uliniambia, "Tunajitunza." Nilidhani unatania.

Nataka tukumbuke mechi moja kabla ya ile unayoipenda. Ilikuwa ya ligi, katikati ya wiki, mmekuja kwetu. Mvua ilikuwa imejaza maji kwenye mashimo kule Maganzo, kazi imesimama, na Baba akaamua kuja kuona hicho kitu ambacho binti zake wanakikimbilia. Alifika na mabuti yake ya mpira yenye matope mekundu, akakaa usawa wa mstari wa katikati, mikono magotini. Hakuwa amewahi kuona mechi. Mwanafunzi mmoja wa darasa letu alikaa karibu naye na ndiye aliyenisimulia. Alimsalimia, "Shikamoo mzee," kisha akamuuliza, "Uko upande gani?"

"Marahaba," Baba akajibu. "Niko hapa hapa."

Kila mpira ulipoingia kikapuni, wa kwetu au wa kwenu, alisema "Wabeja," asante kwa Kisukuma, taratibu, kama mtu aliyepewa kiti. Wewe ulipotupia kutoka mbali na ubao ukaonyesha pointi tatu, alimgeukia yule mwanafunzi akataka kujua kwa nini huyu kapewa tatu na wengine mbili. Alipoeleweshwa akafikiri, akasema, "Basi wote wakae mbali." Hiyo ndiyo falsafa yako yote ya mpira wa kikapu, na aliifikia ndani ya robo moja.

Tuliwafunga vibaya siku ile. Baada ya mechi alitupeleka wote wawili karibu na stendi kula chipsi mayai. Ulikuwa umenuna, nami nilikuwa najitahidi kutoonyesha furaha, ambayo najua ilikuudhi zaidi. Baba alikula kidogo, kisha akauliza, "Kulwa umeingiza ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Doto?"

"Kumi na mbili," ukasema bila kuinua uso.

Akajumlisha kwa vidole juu ya meza. "Thelathini na moja," akasema. "Leo hakuna nyumba iliyopata nyingi kuliko sisi."

Ulicheka ukiwa na chipsi mdomoni hadi ukapaliwa, nikakupiga mgongoni, na kununa kukaishia hapo.

Haya, sasa mechi yako. Mtoano ulichezwa Geita. Nyinyi mliokuwa mnajitunza mkaamka ghafla. Mkawatoa wa tatu, mkawatoa wa pili, na fainali mkatukuta sisi. Vijana wa machimboni walikuja wamejaa kuzunguka uwanja, wanapiga madumu, na hawakuwa wakishangilia Shinyanga. Tuliongoza karibu muda wote. Zilipobaki sekunde chache tulikuwa mbele kwa pointi mbili, mpira ukakufikia kwenye kona, na mimi ndiye niliyekuwa karibu nawe. Niliruka na mkono wangu wote juu. Ulitupia juu ya vidole vyangu. Nilisikia wavu kabla sijageuka kuangalia.

Tiketi ya Dodoma ikawa yenu. Nilikaa chini pale pale penye kona. Ulipokuja kunisimamisha nikakuuliza, na nilikuuliza kweli, "Kwa hiyo zile mechi zote za ligi zilikuwa za nini?"

Ukasema, "Mazoezi."

Najua ulikuwa unatania, kwa sababu ulikuwa unalia pia. Lakini neno hilo lilinikaa kifuani kama mwiba wa samaki. Sikupokea simu zako kwa wiki kadhaa. Likizo ilipofika tukakutana nyumbani na tukawa tunazungumza kupitia kwa Mama: mwambie Doto apishe, mwambie Kulwa chumvi iko wapi. Mama alivumilia siku moja. Siku ya pili akaweka bakuli moja la michembe ya viazi vitamu na karanga katikati yetu, kijiko kimoja juu yake, akasema, "Mle. Mkimaliza, aliyeshinda na aliyeshindwa wote wachukue ndoo, maji yameisha." Kuzungumza tulianza kwa kugombania kijiko.

Kilichonigeuza hasa ni simu yako kutoka Dodoma. Mlikuwa mmefungwa mechi ya kwanza na ya pili. Sauti yako ilikuwa ndogo.

"Kulwa, hawa wanacheza kama nyinyi," ukasema. "Wanakimbia mpaka mwisho. Nafasi hii ilikuwa yenu."

Nilikuwa nimesubiri maneno hayo muda mrefu, na nilikuwa nimeandaa jibu. Badala yake nikajisikia nasema, "Mlitufunga, Doto. Mlikuja mkatufunga mbele ya watu. Nafasi ni yenu, nendeni mkacheze."

Kuanzia siku ile tukabadilishana pande. Wewe ukawa mtetezi wa ligi, unasema bingwa ni yule anayeshinda siku za kawaida. Mimi nikawa mtetezi wa mtoano, nasema bila mtoano timu ya sita haina sababu ya kuota. Kubishana hatukuacha.

Mwaka uliofuata Baba aliugua, haukuwa ugonjwa mrefu, akatuacha. Kuna jambo la msibani ambalo sidhani niliwahi kukusimulia vizuri, kwa sababu wewe ulikuwa ndani na Mama. Mzee Shija, aliyekuwa akichimba naye Maganzo, alinivuta pembeni akaniuliza kuhusu ile mechi aliyokwenda kutazama Baba.

"Baba Kulwa alituambia mlicheza nyinyi wawili, huyu upande huu, huyu upande ule, na wote mkashinda," akasema. "Tukamwambia haiwezekani. Akasema sisi hatukuwepo, tutajuaje."

Baba alikuwa akiisimulia shimoni, Mzee Shija akasema, kila mara mtu mpya alipojiunga nao. Fainali ya Geita hakuwahi kuitaja. Alijua matokeo yake, mimi mwenyewe nilimwambia. Lakini ile hakuiona. Aliyoiona ni mechi ya ligi ya katikati ya wiki, isiyompeleka mtu popote.

Sasa nikufikishe kwenye kikao. Unajua ninafundisha timu ya chuo chetu cha zamani. Msimu huu wasichana wangu wameongoza ligi, wazuri kuliko sisi tulivyokuwa, na nalisema hilo huku nikiumia. Tatizo ni wapinzani. Vyuo kadhaa vimeacha kabisa kuja kwenye mechi za ugenini. Wanajua wataingia kwenye mtoano hata wakiwa wa mwisho, basi kwa nini wasafiri?

Mwezi uliopita tulikuwa uwanjani tayari, tumepasha misuli. Mama wa mchezaji wangu mmoja, Mama Ester, alikuwa ametoka Samuye tangu asubuhi kumwona binti yake akicheza kwa mara ya kwanza. Alileta ndoo ndogo ya karanga za kuchemsha kwa timu nzima. Tukangoja. Mwishowe ujumbe ukaingia kwenye simu yangu kutoka kwa kocha wa upande wa pili: hawaji, wanajitunza kwa ajili ya mtoano.

Neno lile lile lako, Doto. Nikageuka, nikamwona Mama Ester ametandika kanga kwenye ngazi, amekaa wima kama yuko kanisani.

"Mwalimu, wanaanza saa ngapi?" akaniuliza.

"Sasa hivi, mama," nikasema.

Nikawagawa wasichana wangu timu mbili, nusu wakageuza jezi ndani nje, nikashika filimbi mwenyewe, na tukacheza robo zote nne. Ester alicheza kama yuko Dodoma. Mama yake aliondoka akiwa amepoteza sauti, na hadi leo sijui kama anajua wale wageni hawakufika.

Hayo ndiyo niliyowaeleza kikaoni. Kabla yangu mwenyekiti alikuwa amesema tukifuta mtoano tutacheza mbele ya mbuzi, na kocha wa Kahama akamjibu kwamba basi tufute ligi, tuokoe nauli. Niliposimama nilisema sitaki kufuta chochote. Mtoano ubaki, kwa sababu najua furaha iliyokuwa kwenye uso wa pacha wangu pale Geita, na sitaki kumnyima msichana yeyote furaha hiyo. Lakini waingie wanne wa juu tu. Na chuo kisichofika kwenye mechi ya ligi bila sababu ya maana, kisiingie kabisa, hata kikiwa cha pili.

Kisha kocha wa chuo chenu cha Geita, ambaye anaijua historia yetu, akainua mkono.

"Mwalimu Kulwa, kwa kanuni hiyo, ile timu yetu iliyowafunga nyinyi fainali isingeingia?"

"Isingeingia," nikasema.

"Umesubiri miaka yote hii kulipiza?"

Ukumbi mzima ukacheka, na mimi nikacheka nao hadi nikakaa. Kisha wakapiga kura, na ikapita.

Kwa hiyo ndiyo hivyo, mdogo wangu. Kwa mkono wangu mwenyewe nimeifuta njia uliyopitia kwenda Dodoma. Ninakuomba usikasirike mpaka umalize kusoma. Nakujua. Ungejua kwamba wanaoingia ni wanne tu, ungeshuka kwenye lile basi ukiwa macho, ungewaburuza wenzako wote, na mngefika wa nne. Kisha mngetufunga vile vile. Ningeumia vile vile, ila tungekuwa tumewaona mkicheza hivyo msimu mzima, na hilo ningelipenda.

Msimu mpya unaanza mvua zikikata. Huko Mtwara unakofanyia kazi ni mbali, najua, na likizo za wauguzi hazipatikani ovyo. Lakini ukipata nafasi ya kuja, usingoje fainali. Njoo na Neema mechi yoyote ya ligi, hata ile tunayocheza na timu ya mkiani, jua kali, watu wachache. Nitawaleta wasichana wangu wakusalimie, na nitawaonya wasikuache peke yako kwenye kona.

Nakukumbuka kila siku, siku za kawaida zaidi.

Wako akupendaye,
pacha wako mkubwa, Kulwa,
aliyekufunga mara mbili kwenye ligi.