Kata ya Mbege ya Aloisi

Neema mjukuu wangu, marahaba; nikingoja shikamoo yako nitazikwa.

Huku Rombo majirani wanamkwepa mdogo wangu Aloisi tangu chombo cha mionzi kipasuke kazini kwake. Jana mtaalamu alimpima kwa mashine mbele ya wote, akatangaza kwamba ni mzima, haambukizi. Aloisi akaonja mbege, pombe yetu ya ndizi, kwanza, ndiyo desturi ya mwenyeji, akapitisha kata. Hakuna aliyeipokea! Nikanywa mimi. Jirani akasema, "Huyo ameshakula chumvi nyingi, hata akifa sawa."

Nikampa mtaalamu. "Bibi, niko kazini." Watu wakaanza kuondoka.

Nikamfokea, "Kunywa! Ama umetudanganya?"

Akamaliza kata nzima. Basi wakarudi, wakaigombania, Aloisi katikati yao anacheka. Mtaalamu kalala migombani, kakumbatia mashine.

Kula ushibe, mama, umekonda mno.

Bibi yako